Hoteli tatu za nyota tano Misri, lakini mwamba uko wapi?

*"Assalamu alaikum. Tunaishi Mombasa, mimi, mume wangu na watoto wawili wa miaka 13 na 9. Mwezi wa nane shule zikifungwa tunataka kwenda Misri siku nane, na nia hasa ni snorkeli, kuogelea na maski na mrija tukiangalia samaki, manake tulienda Kisite, hifadhi ya bahari kule Shimoni, mara mbili watoto wakapenda sana. Ajenti ametuletea hoteli tatu, zote nyota tano, chakula na vinywaji vyote ndani ya bei. Moja iko mjini Hurghada na ina maslaidi ya maji, ya pili iko Nabq kule Sharm el-Sheikh, ya tatu iko kaskazini ya Marsa Alam na ndo ghali kidogo. Picha zote zafanana, mchanga mweupe na maji ya buluu. Mume wangu ana miaka 52, ana presha anatumia dawa, na kuogelea hajui sawasawa. Mimi huvaa burkini. Tuchukue ipi? Na hizi habari za papa ni kweli? Shemeji yangu asema popote Misri ni sawa, bora hoteli iwe na bichi nzuri."*

Waalaikum salaam dada yangu. Umeuliza vizuri kwa sababu umenieleza watu, sio hoteli peke yake. Watu wengi hunitumia jina la hoteli na bei wakataka niseme ndio ama hapana, na mimi siwezi kujibu kama sijui nani anaingia majini. Kwa hivo nikikuelewa, wasiwasi wako ni huu: mwalipa pesa nyingi, siku ni nane tu, na mwaogopa kufika mkute bahari haina kitu, ama iko na kitu lakini baba wa watoto hawezi kuingia.

Nianze na shemeji, kwa heshima yake. Alosema ni kweli kwa Diani, ni kweli kwa Watamu, lakini ukienda nayo Misri itakupoteza. Kwetu bichi nzuri na matumbawe ni vitu viwili vinavyoishi mbalimbali, mchanga uko hapa na mwamba uko kule nje mawimbi yanapovunjika, katikati kuna maji mafupi, ndo maana ukitaka kuona samaki wa maana unapanda jahazi Shimoni unapelekwa. Hoteli haina tofauti sana, kwa sababu vyovyote vile utapanda boti. Bahari ya Shamu haiko hivo. Kule mwamba umeshikana na nchi kavu, sehemu nyingine ukitoka kwenye kiti chako ni hatua thelathini uko juu ya matumbawe. Kwa hivo hoteli uliyochagua ndo bahari uliyochagua, na ukikosea hapo umekosea safari nzima.

Sababu yake ni hii. Matumbawe yanataka maji safi yenye chumvi na joto, hayapendi matope wala maji ya mto. Upande ule wa Misri mvua karibu haipo na hakuna mto hata mmoja unaomwaga baharini, basi matumbawe yamejenga mpaka ukingoni kabisa, yakafanya kama baraza pana ya mawe chini ya maji, kina chake labda cha magoti, alafu baraza inakatika ghafla na ukuta unashuka mita kumi, ishirini, zaidi. Samaki wako pale kwenye ule ukuta. Sasa huko jangwani kuna mabonde makavu wanayaita wadi, yanakaa miaka bila maji, alafu siku moja mvua ikinyesha milimani yanashusha mafuriko ya matope na mchanga mpaka baharini. Mbele ya wadi matumbawe hayawezi kukaa, kwa hivo mwamba unaachia nafasi, panakuwa ghuba ndogo ya mchanga, ukuta wa matumbawe umebaki kulia na kushoto kama mikono miwili. Waarabu huziita ghuba kama hizo sharm ama marsa, na ndo unaona Sharm el-Sheikh na Marsa Alam zina majina hayo.

Ukishaelewa hilo, dada, unaweza kusoma picha ya hoteli yoyote. Ukiona mchanga mweupe mrefu unaingia taratibu majini, jiulize umetoka wapi. Kama kuna wadi nyuma yake, hapo sawa kabisa, mtaingia kwa miguu na matumbawe yako pembeni. Kama hakuna wadi, basi mara nyingi mwamba ulifukiwa ama ulichimbwa ili wageni wapate bichi, na hapo maji ni ya buluu lakini chini ni mchanga mtupu na visamaki viwili vitatu. Hurghada mjini ndo ilivyopata kuwa. Kuanzia miaka ya 1980 hoteli zilijengwa haraka mno na baraza za mwamba zikafukiwa kwa kifusi, na mimi naliona ni hasara kubwa manake nimeongea na wazee wa pale wanaokumbuka samaki waliokuwa wanaonekana kutoka ufukweni.

Aina ya pili ya hoteli ni ile iliyokaa juu ya baraza yenyewe. Hapo hakuna mahali pa kutia mguu, kutembea juu ya matumbawe ni marufuku na hata ungeruhusiwa ungekatwa miguu, kwa hivo hoteli inajenga jeti ndefu ya mbao inayovuka baraza mpaka kwenye ukingo, mwisho wa jeti kuna ngazi, unashuka ngazi na hapo hapo uko kwenye kina kirefu. Kwa anayejua kuogelea hiyo ndo pepo. Unashusha uso tu na ukuta mzima uko mbele yako, pono, chewa, makundi ya samaki wa rangi ya chungwa wadogo wadogo wanapanda na kushuka kama cheche. Lakini kwa mumeo nakuambia wazi, ngazi ile itamtisha. Anatoka kwenye mbao imara anashuka moja kwa moja kwenye maji ambayo chini yake haioni, na mtu wa presha akipata hofu majini mapigo ya moyo yanakimbia, pumzi inamwishia ndani ya ule mrija, na mara nyingi hapo ndipo balaa huanzia. Si samaki, si mkondo.

Na jeti ina shida nyingine ambayo ajenti hatakuambia, nayo ni upepo. Kaskazini ya Bahari ya Shamu upepo unatoka kaskazini karibu mwaka mzima, sio kama kwetu unageuka kusi na kaskazi. Ukikaza, mawimbi yanapiga mwisho wa jeti na walinzi wanainua bendera nyekundu, hakuna kuingia, mnarudi kwenye bwawa. Nawajua jamaa wa familia moja walokaa siku saba hoteli nzuri sana, chakula kizuri, vyumba vizuri, jeti ilifunguliwa siku mbili. Hawakudanganywa na mtu, hawakujua tu kuuliza. Mwezi wa nane pia maji ya bahari ile hukaa chini kidogo kuliko majira ya baridi, baraza inabaki na maji mafupi sana, kwa hivo kama jeti imefungwa huna njia nyingine ya kufika ukingoni.

Jambo moja la kukufurahisha: maji kujaa na kupwa kule hakukusumbui. Sisi hapa bamvua likiwa kubwa maji yanashuka zaidi ya mita 3 na safari yote ya Kisite inapangwa kwa saa za maji, Misri tofauti haifiki mita moja. Na mwezi wa nane huku kwetu ni kusi bahari imechafuka, kule maji ni nyuzi 28 hivi na safi, unaona mbali. Jua lakini ni kali kweli, nje inafika nyuzi 40, kwa hivo snorkeli ni asubuhi mapema na jioni kabla ya kufungwa, mchana mlale.

Haya, tuje kwenye hoteli zako.

Ya Hurghada mjini, kama snorkeli ndo nia, mi ningeiacha. Sio mbaya, watoto watafurahi na maslaidi, mji uko hapo nje mnaweza kutembea jioni mkanunua vitu mkala samaki, na mwamba upo, ila uko visiwani, Giftun na kwingineko, mtalipia boti kila siku mnayotaka kwenda na boti hujaa watu. Piga hesabu ya boti siku nne kwa watu wanne uongeze juu ya bei ya hoteli, alafu ulinganishe tena na ile unayosema ni ghali. Mara nyingi unafuu wote unaishia hapo.

Ya Nabq ndo naiogopa zaidi kwa ajili yenu. Sharm ina snorkeli nzuri sana, sitaki uelewe vibaya, upande wa Ras Um Sid mwamba uko karibu na pamejikinga upepo, na safari ya boti ya Ras Mohammed, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1983, ni kitu mtu asikose akiwa hapo. Lakini Nabq iko kaskazini ya mji, imeukabili upepo, baraza ni pana na jeti ni ndefu. Mungekuwa wawili wazima mnaojua kuogelea ningesema jaribuni. Kwa mume asiyejua na mtoto wa miaka 9, hapana.

Ya tatu ndo ningechukua, kwa sharti moja, kwamba hoteli iwe NDANI ya ghuba na sio pembeni yake. Pwani ile kutoka Port Ghalib kushuka mpaka Marsa Alam ina ghuba kadhaa za aina niliyokueleza, maarufu zaidi ni Abu Dabbab, mchanga unaingia taratibu, katikati chini kuna majani ya bahari na kasa wakubwa wanakuja kula hapo mchana kweupe, mara chache sana hata nguva huonekana. Baba anaweza kusimama maji ya kiuno, akaweka uso majini, akamwona kasa, akasimama tena. Mtoto wa miaka 13 anafuata mkono wa mwamba na mama yake anaona samaki wa ukutani. Wote wanne mko bahari moja na kila mtu ana kipimo chake, hicho ndo kitu mnachonunua.

Ubaya wake nao usifichwe. Kule ni jangwa. Ukitoka geti la hoteli hakuna mtaa, hakuna duka la maana, jioni ni nyinyi na hoteli, mtoto mkubwa anaweza kuchoka siku ya tano. Mpelekeni siku moja Samadai, mwamba wenye umbo la kiatu cha farasi ambapo pomboo hupumzika, tangu 2004 pamegawanywa sehemu na idadi ya wageni ina kikomo, sehemu ya ndani wameachiwa wao wenyewe. Msikubali boti inayowakimbiza pomboo. Na kama bei ya Marsa Alam imewashinda kabisa, mwambie ajenti akutafutie Makadi Bay, kama kilomita 30 kusini ya Hurghada, hapo bado kuna hoteli zenye mwamba mbele na uwanja wa ndege ni karibu.

Sasa usiniamini mimi tu, angalia mwenyewe. Fungua Google Maps, weka picha ya setelaiti, tafuta hoteli yenyewe, uvute karibu. Maji ya buluu nyepesi ni mchanga ama baraza, mstari mweusi unaofuata pwani ni ukingo wa mwamba, mstari mwembamba ulionyooka unaotoka nchi kavu ni jeti, pima urefu wake hapo hapo kwenye ramani. Angalia nyuma ya hoteli kama kuna alama ya bonde kavu linashuka toka milimani, utaliona kama mti ulolazwa mchangani. Na angalia kama kuna barabara kuu kati ya hoteli na bahari, manake hoteli nyingine huandika ziko baharini kumbe mtapandishwa basi kwenda bichi. Hii kazi ni dakika kumi na ina thamani kuliko nyota zote tano, nyota zinapima vyumba na mapokezi, hakuna nyota ya matumbawe.

Alafu soma maoni ya wageni, lakini ya mwezi wa saba, wa nane na wa tisa peke yake. Soma ya Wajerumani, wao huandika kwa undani sana mambo ya mwamba, tumia kitafsiri cha simu, tafuta habari za jeti, upepo na bendera nyekundu. Ukimwandikia hoteli usiulize kama snorkeli ni nzuri, watasema ndio. Uliza mtoto wa miaka 9 anaingilia wapi majini, na mwezi wa nane uliopita bahari ilifungwa siku ngapi. Wakizunguka zunguka kwenye hilo la pili, umeshapata jibu.

Kuhusu baba wa watoto, hapa nakuomba usinichukue mimi kama daktari. Kabla ya kulipa aende amwone daktari wake ana kwa ana, amwambie waziwazi kwamba anataka kuogelea na mrija mdomoni, sio aseme tu anasafiri. Daktari apime presha imetulia kiasi gani na aangalie dawa anazotumia. Kama hupata maumivu ya kifua ama hukosa pumzi akipanda ngazi, snorkeli isubiri mpaka achunguzwe. Akiruhusiwa, kuna wiki kadhaa kabla ya mwezi wa nane, atafute mwalimu wa kuogelea, bwawa liko, hata masomo sita yatambadilisha. Anunue maski yake mwenyewe hapa Mombasa aizoee, aibane usoni bila mkanda avute pumzi puani, ikishika yenyewe ndo saizi yake. Zile maski za uso mzima simshauri, hewa aliyoitoa inaweza kubaki ndani akaivuta tena, na akishtuka kuivua si rahisi kama kutema mrija. Majini avae jaketi la kujiokolea kila siku bila aibu, maji ya kule yana chumvi zaidi kuliko yetu, karibu gramu 40 kwa lita ambapo bahari kwa kawaida ni 35, yanamwinua kidogo lakini hayamwokoi asiyejua. Siku ya kwanza mlipe mtu wa kituo cha uzamiaji cha hoteli aingie naye. Na asiingie peke yake, kamwe, hata maji ya kiuno.

Papa, ndio ni kweli, sitakudanganya. Julai 2022 wanawake wawili waliuawa Sahl Hasheesh kusini ya Hurghada, Juni 2023 mwanamume mmoja Hurghada, na Desemba 2024 mtalii mmoja karibu na Marsa Alam. Yanatokea, na ni machache sana ukilinganisha na umati unaoingia maji yale kila siku, lakini mzazi ana haki ya kujua. Kaeni karibu na mwamba, msitoke nje kwenye maji ya buluu, msiingie alfajiri wala magharibi, msitupe chakula majini, na bahari ikifungwa msibishane na mlinzi. Mi binafsi kwa watoto nahofia zaidi vitu vya chini. Kuna samaki anayefanana na jiwe kabisa, ukimkanyaga mwiba wake una sumu kali, kwa hivo viatu vya majini kila mtu, na mkono usiguse kitu, hata matumbawe yenyewe mengine yanachoma kama moto. Akichomwa mtu na samaki huyo ama samaki simba, chovya mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, na muende hospitali hapo hapo, msingoje kuona kama itapoa. Yule kikande mkubwa mwenye meno, kiangazi anatagia mayai chini na hulinda eneo kuanzia hapo kwenda juu, akikujia ondoka kwa kando, usipande juu kwa sababu juu nako ni kwake.

Burkini, uliza hoteli kwa maandishi kabla ya kulipa na ulihifadhi jibu. Baharini mara nyingi hakuna tabu, bwawani baadhi ya hoteli Misri zimewahi kukataza na wanawake wakaumia moyo wakiwa wameshafika. Mwenyewe naona ndo vazi la busara kuliko yote kwa snorkeli, mgongo hauungui jua, mvishe na watoto fulana za mikono mirefu za kuogelea.

Viza mfuatilie mapema ubalozi wa Misri Nairobi, usikubali mtu akuambie kule Sharm kuna muhuri wa bure, hiyo ni ya nchi nyingine. Na kadi za homa ya manjano ziwe tayari, chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla.

Nitumie jina la ile hoteli ya Marsa Alam ama pini yake nikuangalizie kwenye picha ya setelaiti kabla hujatoa diposi, nataka nione tu kama geti lake la bahari linafungukia mchangani ama kwenye jeti.